Koti la Kapteni Prowse

Ufunguo ulizunguka kitasani, na Enid Prowse akageuza shingo.

Jumapili iliyopita tulimwacha papo hapo jikoni, mkono mmoja umeshika birika la chai, mwingine umeshikwa na mwanamume ambaye si mumewe. Mliobaki wiki nzima mkimwombea, poleni. Mliobaki mkimcheka, sogezeni viti, leo mtashiba.

"Enid?" sauti ikaita kutoka sebuleni. "Mke wangu, uko wapi?"

Alikuwa Kapteni Hubert Prowse mwenyewe, aliyetakiwa saa hiyo awe kwenye mnara wa mashujaa na wazee wenzake wa vita. Mtu ambaye hasahau kitu. Mtu anayepanga soksi zake kama askari kwenye gwaride. Na leo, kati ya siku zote alizojaliwa na Mungu, alikuwa amesahau koti.

"Ulisema harudi mpaka mchana!" akanong'ona Lionel Satchwell, daktari wa meno, kipenzi cha siri.

"Toka! Mlango wa nyuma!"

"Koti langu?"

"Hapo kwenye kulabu! Chukua upotee!"

Sasa, hapa kwetu Pelbury wanaume wenye heshima zao wote hununua koti duka moja, rangi moja, kijivu cha mvua, maana ukivaa rangi nyingine watu wataanza kujiuliza unataka nini. Kwenye kulabu za mlango wa nyuma yalining'inia makoti mawili. Lionel akanyakua moja bila kuangalia, akatoka mbio kuelekea bustanini.

Kwa wewe uliyefungiwa samaki na viazi kwa gazeti hili na ndiyo kwanza unatukuta njiani, nakupa mkasa kwa pumzi moja. Jumatano jioni Lionel alikuwa anamrudisha Enid kutoka huko wanakostarehe, taa za gari kazizima wasionekane, wakamgonga mzee Clegg na baiskeli yake. Mzee akafa palepale. Hawakusimama.

Polisi wakamkamata Percy Tullett, muuza makaa. Kwa nini yeye? Kwa sababu wiki hiyohiyo alimwambia marehemu mbele ya baa nzima, "Iko siku nitakupitia na lori langu!" Walikuwa wanagombania nini? Mung'unye, jamani. Mung'unye wa Clegg ulishinda kwenye maonyesho ya mboga, na Tullett akadai umenyweshwa bia ili unenepe. Sasa Tullett yuko rumande, kesho anapandishwa kizimbani, na kwetu hapa anayeua kwa kukusudia anakwenda kunyongwa.

Tangu hapo Enid alikuwa hali chakula, halali usingizi. Ndiyo maana alimwita Lionel asubuhi ile, si kwa mambo mnayoyafikiria.

"Kesho tunakwenda polisi wote wawili," alimwambia. "Tullett ana watoto."

"Na mimi nina wagonjwa," akajibu Lionel.

"Ile kengele ya baiskeli iliyonasa kwenye bampa lako, umeitupa?"

"Nilikwenda darajani kuitupa. Kulikuwa na mtu anavua samaki, akanitakia asubuhi njema. Sasa mtu amekutakia asubuhi njema, utatupaje ushahidi mtoni mbele yake? Iko mfukoni mwa koti langu."

Ndipo ufunguo ulipozunguka. Haya, sasa tuko sawa.

Kapteni Prowse akaingia jikoni, kofia mkononi, kipara kinang'aa.

"Mbona mlango wa nyuma uko wazi?"

"Natoa moshi. Mkate umeungua."

Kapteni akanusa. Hapakuwa na mkate. "Na vikombe viwili?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Nilikuambia narudi mchana."

"Basi mke haruhusiwi hata kutumaini?"

Kapteni akakohoa kidogo. Kwa mtu wa aina yake, kikohozi kile ndicho kilichosimama mahali pa busu. Akaenda kwenye kulabu, akavaa koti lililobaki, akajinyoosha.

"Linanibana."

"Ni zile pudini tamu unazokula, mume wangu."

"Nishani zangu ziko wapi? Nilizipachika jana kifuani mwa koti hili kwa mkono wangu."

Enid akashika ukingo wa meza. Alitazama kifua cha koti lile, akakiona kitupu, lakini akili yake ilikuwa bado bustanini ikimkimbiza Lionel. Akasema la kwanza lililomjia. "Nimezitoa kuzing'arisha. Wewe tangulia, nitakuletea. Nitakuja na gari."

Kapteni akacheka kwa pua. "Na gari? Wewe? Enid, hujui hata breki iko upande gani."

"Ungenifundisha."

"Usukani si sufuria." Akatazama saa, uso ukambadilika. "Siwezi kuchelewa dakika za kimya. Bora niende bila nishani." Na akaenda.

Enid akajimwaga kitini. Alikuwa hajamaliza hata kushusha pumzi alipoona kofia ya jirani yake, Bi. Ockenden, ikichomoza juu ya uzio. Mama yule hulala jicho moja likiwa dirishani.

"Bi. Prowse! Kapteni mzima kweli?"

"Mzima kabisa. Kwani vipi?"

"Nimemwona anaruka uzio wangu. Kapiga magoti katikati ya kabichi, nishani zake zote zinalia kifuani."

"Alikuwa na haraka."

"Mh. Halafu nikamwona anatoka mlango wa mbele, taratibu."

"Alisahau kitu, akarudi."

"Ndiyo nikajisemea hivyo." Bi. Ockenden akaegemea uzio, akatulia. "Ila mwenzangu, yule aliyeruka alikuwa na nywele."

Enid hakulisikia la nywele. Lililomchoma ni lile la kwanza. "Umesema nishani?"

"Zote. Zimejipanga."

Hapo ndipo alipoona kilichotokea. Lionel amekimbia na koti la mumewe. Mumewe amekwenda mnarani, mbele ya mji mzima na polisi wake, kavaa koti la Lionel. Na mfukoni mwa koti lile imo kengele ya marehemu.

"Yesu wangu!" akasema, akatoka mbio na aproni yake kiunoni.

"Ngoja nivae gauni la kanisani tufuatane!" Bi. Ockenden akamfuatia kwa sauti. "Ningekuambia uchukue gari, lakini Kapteni hakuachii hata uliguse, si ndiyo? Miaka yote hiyo unapanda basi na vikapu vyako, masikini! Mimi nakuona!"

Tumwache Enid na mbio zake, twende kwa Lionel.

Bwana yule alikuwa na desturi ya kuficha gari nyuma ya kanisa kila anapokwenda kwa Enid. Akili nyingi! Ila ili alifikie ilibidi akatize uwanja wa mnara, na uwanja ulikuwa umejaa. Wazee wa vita mbele, Kasisi na vitabu vyake, Meya na mkufu wake, wanawake wenye maua mekundu ya karatasi kifuani. Lionel akainamisha kichwa, akapiga hatua za mtu anayewahi dawa. Alikuwa amefika katikati kabisa, kati ya Kasisi na wazee, saa ya kanisa ilipoanza kugonga.

Zikaanza dakika za kuwakumbuka waliokufa vitani. Uwanja ukanyamaza.

Na Lionel akasimama.

Nakuuliza wewe msomaji, ungefanyaje? Una mke wa mtu nyuma yako, maiti juu ya roho yako, gari lako unaliona. Mtu mwenye akili timamu angeendelea kutembea, tena angekimbia. Lakini Lionel amelelewa hapa. Mwongo ndiye, mzinzi ndiye, muuaji ndiye, ila kutembea wakati wa kimya? Atakuwa amekosa adabu. Akaunganisha visigino, akatazama mbele, akaganda.

Ndipo watu walipoziona nishani. Lionel Satchwell, aliyepigana vita vyote kambini aking'oa magego ya wenzake, leo kifua kizima kinang'aa dhahabu na fedha. Macho yakaanza kumtambaa. Hakuna aliyesema neno, maana hairuhusiwi.

Mtu mmoja tu alijua ni za nani.

Kapteni Prowse alizitambua nishani zake kama unavyowatambua wanao kwenye kundi la watoto wa shule. Akazitazama. Akalitazama koti alilovaa yeye, mabega yalivyombana. Nadhani ndipo vilipomjia vile vikombe viwili, na ule mkate ulioungua bila harufu. Uso wake haukucheza. Bali macho yalimjaa maji, na mwanajeshi halii mbele ya Meya, kwa hiyo yale maji yakatafuta njia ya puani. Akaingiza mkono mfukoni polepole, kutafuta leso.

Kriiing!

Kengele ililia uwanja mzima ukasikia.

Na haikuwa kengele ya kuuliza ni ya nani. Mzee Clegg aliipiga kila alfajiri akipita na baiskeli, mtaa kwa mtaa, kwa makusudi mabaya tu, na Pelbury nzima ilikuwa imeilaani kitandani. Mama Tullett, mke wa yule muuza makaa, alikuwa amesimama mstari wa mbele, tumbo kubwa la miezi ya mwisho, mkono umeshika mtoto. Akainua kichwa kama aliyeitwa kwa jina.

Inspekta Gadsby alisimama hatua chache kutoka kwa Kapteni, kofia ya polisi kaiweka kifuani. Naye hakusogea. Macho tu ndiyo yaliyotembea, yakatoka usoni mwa Kapteni, yakashuka mfukoni, yakatulia hapo.

Enid akafika, anahema, na kimya kikamnasa naye. Akasimama na aproni yake nyuma tu ya Mama Tullett. Aliweza kuona kola ya gauni la yule mama, ilivyopigwa kiraka, vumbi la makaa lililogoma kutoka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Dakika zile mbili zilimtosha kujiona alivyo, na hakujipenda hata kidogo.

Tarumbeta likalia. Watu wakakohoa. Inspekta akavaa kofia, akasogea.

"Samahani sana kukusumbua, Kapteni. Kuna kitu kimelia mfukoni mwako."

"Nimesikia."

"Naomba nikione, kama si usumbufu."

"Si usumbufu kabisa."

Kengele ikatoka, shaba tupu, ukingoni imebonyea.

"Ni ya Clegg!" Mama Tullett akapiga kelele. "Bwana Inspekta, si mlisema haikuonekana? Si mlipekua lori la mume wangu mpaka chini ya makaa? Huyu kaipata wapi?"

"Taratibu, mama. Kapteni, koti hili ni la nani?"

Kapteni Prowse akamtazama Lionel. Kisha akamtazama mkewe, na aproni yake, na nywele zake zilizofumuka. Akajua kila kitu, na akajua kwamba akisema ukweli, kesho yake baa nzima itakuwa inacheka kabla hajamaliza kuvua kofia.

"Langu," akasema.

"Na nishani zako?"

"Nimemwazima Daktari Satchwell."

Watu wakaguna. Kuazima nishani! "Afadhali angemwazima mke," akasema mtu mmoja kule nyuma, masikini, bila kujua alipogusa.

Inspekta akamgeukia Lionel. "Ndivyo, Daktari?"

Hapo Lionel angeweza kuwa mtu. Mlango ulikuwa wazi. "Ndivyo," akasema. "Asante sana, Kapteni. Ulifanya hisani."

"Unaelewa, Kapteni," Inspekta akasema polepole, "kwamba kama koti ni lako, na kengele nitasema ni ya kwako? Na aliyekuwa na kengele ndiye aliyemgonga Clegg?"

"Si nimekuambia koti ni langu?"

Mnaona mambo? Mtu yuko radhi aitwe muuaji, asiitwe aliyeibiwa mke. Na watu wote pale walimwona muungwana.

"Hubert, usifanye hivyo," Enid akasema.

"Enid. Si mbele za watu."

"Mbele za watu ndiyo hasa!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Koti hilo si lake, ni la Lionel. Asubuhi hii Lionel alikuwa kwangu. Na Jumatano nilikuwa naye garini, tukiwa tumezima taa. Sisi ndio tuliomgonga mzee Clegg. Tukamwacha barabarani tukaenda zetu." Akamgeukia yule mama. "Mumeo hana kosa. Nisamehe, Mama Tullett."

Mama Tullett hakumsamehe. Alimtazama juu mpaka chini.

"Juzi umenishika mkono dukani," akasema. "Ukanipa pole. Ukanipa na sukari yako."

Kasisi akafunga kitabu. Meya akajishughulisha na mkufu. Mtu angedhani kosa kubwa la siku ile ni mwanamke kupaza sauti kabla ya wimbo wa taifa, na kwa kweli wapo wanaodhani hivyo mpaka leo.

"Daktari Satchwell," Inspekta akasema. "Una la kusema?"

Lionel akavuta lile tabasamu analowapa wagonjwa kabla ya kung'oa.

"Nilitaka kumfichia, Inspekta, kwa heshima yake. Lakini amelisema mwenyewe. Ni kweli, nilikuwa garini." Akashusha sauti, kwa huzuni nzuri kabisa. "Ila usukani alikuwa nao yeye. Alinibembeleza nimwachie aendeshe."

"Mimi?" Enid karibu acheke. "Mimi? Sijawahi kushika usukani maishani mwangu! Hubert, mwambie!"

Uwanja wote ukamgeukia Kapteni Prowse.

Kapteni hakuwa na haraka. Akafungua vifungo vya koti lililombana, kimoja baada ya kingine, akalivua, akalikunja kwa pembe zake, akamkabidhi Lionel. "Lako hili, nadhani."

"Ndiyo. Asante," akasema Lionel, naye akavua lile lenye nishani. Walibadilishana mbele ya mji mzima kama watu waliogongana kwenye chumba cha makoti hotelini. Kapteni akavaa, akafunga mpaka kifungo cha juu, akanyoosha nishani zake. Sasa lilimkaa sawasawa.

"Kapteni," Inspekta akauliza, "mkeo anajua kuendesha gari?"

Enid akamtazama mumewe. Alikuwa amemkosea, alijua. Lakini mtu huyuhuyu hakuwahi kumwambia uongo hata wa siku ya kuzaliwa. Alimngojea bila hofu.

Kapteni akakohoa kidogo, kilekile kikohozi cha jikoni.

"Vizuri sana," akasema. "Nilimfundisha mwenyewe."

Askari wawili wakamsogelea Enid, wanaomba radhi. Ndipo alipoiona ile kofia ikichomoza katikati ya watu.

"Bi. Ockenden!" akalia. "Wewe unajua! Kila siku unaniona napanda basi na vikapu vyangu! Waambie, kwa jina la Mungu!"

Inspekta akageuka. "Ni kweli, Bi. Ockenden? Umewahi kuona lolote?"

Bi. Ockenden akamtazama Kapteni, na nishani, na Meya, na Kasisi. Akatazama viatu vyake vya kanisani. Akajifuta kidogo tope la kabichi.

"Mimi, Inspekta," akasema, "si mtu wa kuchungulia mambo ya majirani."